Uliza Bibi Afya: Moshi wa kusi na dirisha la mpangaji

*Assalaam alaykum Bibi Afya. Naishi Wilaya ya Magharibi B, Unguja, katika nyumba ya kupanga, mwaka wa tatu sasa. Mimi na mume wangu tumetoka Pemba. Nyuma ya vyumba vyetu kuna ua wa mabati. Vijana wanapasua humo betri kuukuu za magari na za sola, wanayeyusha madini ya risasi, wanamimina chubwi, vile vizito vya nyavu na mishipi. Moto huwashwa baada ya Alasiri. Msimu wa kusi moshi wote unatujia sisi wapangaji, tupo familia saba. Kaskazi ikianza kuvuma, karai lao wanalihamishia shamba, tunapumzika. Mwanangu wa pili ana miaka mitatu. Tumbo linamuuma mara kwa mara, hataki kula, na hospitali wamesema damu imepungua. Shida yangu ni kwamba mwenye ua ni mtoto wa dada yake mwenye nyumba wetu. Mama yake ndiye aliyenipokea nilipohamia, ndiye aliyenikanda na kunipikia uji siku arubaini zote nilipojifungua. Nikisema nitaonekana sina shukurani. Nikinyamaza, mwanangu anavuta moshi. Nifanye nini?*
*Mama wa watatu, Magharibi B*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Tuanze na mtoto, kwa sababu mambo ya ujirani yanaweza kungoja wiki moja na yeye hawezi.

Mrudishe hospitali, na safari hii mwambie daktari kwa kinywa chako kwamba nyuma ya nyumba yenu wanayeyusha betri. Mwombe amwangalie kama ana risasi katika damu. Usipotaja wewe, huenda asifikirie mtu yeyote, kwani tumbo, kukosa hamu ya chakula na upungufu wa damu ni dalili za minyoo, za malaria na za lishe duni, na daktari yeyote ataanza na hizo. Wapeleke na wale wengine wawili hata kama wanacheza na kucheka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Damu ikionyesha maikrogramu 5 kwa kila desilita, au zaidi, chanzo kinatakiwa kitafutwe na kiondolewe.

Moshi mweusi unaowasha koo, ambao mnauona na kuunusa, mwingi unatokana na magamba ya plastiki na maji ya betri. Risasi yenyewe haina harufu. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 327, na moto wa makaa unafika hapo bila taabu. Moto ukizidi kupulizwa, risasi hutoa mvuke, mvuke ukipoa unakuwa vumbi laini mno, na vumbi hilo linatua kwenye mkeka, kwenye nguo zilizo kambani, kwenye tangi lisilo na mfuniko, na kwenye mchanga ule anaochezea mtoto kwa kijiko na kopo. Ndiyo maana hata siku ambayo vijana hawakuwasha moto, mtoto anaendelea kuila kwa vidole vyake. Na kaskazi mnayosema mnapumzika, mnapumzika pua tu.

Kuanzia leo usifagie kavu ndani wala barazani, ufagio wa chelewa unalirusha vumbi usoni mwa mtoto. Piga deki kwa kitambaa cha maji, ukisuuze mara kwa mara, na maji yake usiyamwage kwenye mchanga wa kuchezea. Viatu vibaki mlangoni. Nguo za mtoto anika upande wa pili wa nyumba. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kila tonge, si kabla ya chakula cha mchana pekee. Asikae na njaa, tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Mpe dagaa pamoja na mifupa yake, maziwa ukipata, mchicha, maharage, kwa sababu mwili wenye chuma na kalisi ya kutosha hupokea risasi kidogo. Hii si dawa, ni kupunguza tu. Na kuku wanaoparua karibu na ua ule, mayai yao msiyale.

Sikutishi, lakini sitaki uchukulie jambo hili kama kikohozi cha vumbi. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, pwani ya Dakar, Senegal, walikufa watoto wadogo 18 kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Chanzo kilikuwa risasi ya betri kuukuu zilizokuwa zikipasuliwa mitaani, na watu waliochekecha mchanga wake majumbani ili waokote mabaki ya kuuza. Hapakuwa na kiwanda kikubwa wala bomba refu la moshi. Palikuwa na ua, mchanga, chekecheo, na akina mama wanaotafuta riziki.

Sasa tuje kwenye shukurani.

Kuna sentensi moja umeiandika kwa haraka nami nimeisoma mara nne. Umesema kaskazi ikivuma karai wanalihamishia shamba. Kaskazi inapeleka moshi upande wa kusini. Nani wanakaa kusini ya ua huo? Nimefanya kazi ya afya katika mitaa ya Unguja miaka 29, na ningeweka mkono wangu kwamba ni nyumba za wenyeji: mjomba, shangazi, watu wanaokutana kwenye barza moja kila jioni. Mmoja wao akikohoa, kabla ya Isha mama wa kijana atakuwa ameshaambiwa. Kwa hiyo vijana wanahama. Wanajua kwamba moshi unadhuru, wanajua kwamba karai linahamishika, na wana mahali pa kulipeleka. Kinachokosekana msimu wa kusi ni mtu wa upande wa kaskazini ambaye neno lake linafika kwa mama yao.

Naomba nikueleze jambo langu mwenyewe. Disemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika kisiwa kizima, haukurudi hadi Machi 2010. Wakati huo nikikaa Mpendae. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinunua jenereta ndogo ya petroli, tukaiweka nyuma ya ukuta ili kelele zisituingie, bomba lake likitazama kichochoro. Kichochoro kile kilikuwa na dirisha moja tu, la chumba cha mpangaji, dada mmoja kutoka Tabora mwenye mtoto mchanga. Mimi ni bibi afya. Nimewafundisha akina mama wangapi juu ya moshi na mapafu ya mtoto! Na kila magharibi nikiwasha. Miezi mitatu yule dada hakusema neno. Akipita mlangoni ananiamkia, nami nampa maji baridi ya friji iliyokuwa ikiendeshwa na jenereta ileile. Umeme uliporudi nikaingia chumbani kwake siku moja kumtazama mtoto. Dirisha alikuwa ameliziba kwa vipande vya kanga na gundi ya karatasi, na ukuta juu yake umekuwa mweusi kama wa jiko la kuni. Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Akasema, "Mama, mimi hapa sina mtu zaidi yako."

Maneno hayo sijayasahau, na barua yako ni maneno hayohayo. Wema wangu ndio uliomfunga mdomo. Kama ningekuwa jirani mbaya angenigombeza siku ya pili.

Basi nakuambia kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa ukuta: yule mama aliyekukanda angependa kujua. Nenda kwake kabla ya kwenda kwa mtu mwingine, wala usiende kwa kijana kwanza, kwa sababu mbele ya wenzake atajibu kwa ukali halafu atashindwa kurudi nyuma. Nenda asubuhi, nenda na mtoto. Usiseme "mwanao anatuua." Sema, "Mama, wewe ndiye uliyenikanda nilipojifungua. Hospitali wamesema damu ya mtoto huyu imepungua, na nina wasiwasi na moshi wa ua. Kaskazi wanapeleka karai shamba. Naomba na kusi wafanye vivyo hivyo." Unaomba kitu ambacho wengine wameshapewa, na hiyo si fitina. Ongozana na wapangaji wawili, ili lisiwe lako peke yako na lawama isikuangukie peke yako.

Mwambie pia kwamba anayekula risasi nyingi kuliko wote ni mwanawe mwenyewe. Yeye anaishika kwa mikono, anakula na kuvuta sigara kwa mikono ileile, na jioni anarudi na vumbi kwenye nguo hadi kwa watoto wake. Hilo watu wa mitaani hawalijui, na mama mtu likimfikia linamwingia kuliko sheria.

Wiki mbili zikipita bila kitu, nendeni kwa sheha mkiwa familia saba, na karatasi yenye majina saba. Andikeni tarehe za moto, upepo ulivyokuwa, watoto walioumwa. Mwombeni aandike kwa Baraza la Manispaa na kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ZEMA, ambayo ipo kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2015, na aombe udongo wa uani kwenu upelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwenda kwa sheha si kumshitaki mtu wa kwenu. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na jirani ana haki hata kama ni mpangaji wa mwezi mmoja.

Nakusihi jambo moja la mwisho. Wakikubali kuhama, ulizeni wanahamia wapi, na huko shamba nani anachota maji. Mwamba wetu wa Unguja ni wa matumbawe, una matundu, na maji ya betri yakimwagwa juu yanapenya chini hadi kisimani. Isije ikawa karai limetoka kwenye dirisha lako likaenda kwenye dirisha la mgeni mwingine. Bora betri ziuzwe nzima, bila kupasuliwa, kwa mnunuzi mwenye kibali cha kuzisafirisha.

*Bibi Afya, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Tulikuwa na mjadala darasani, mwenzangu akasema masikini wanakutwa karibu na viwanda na majaa kwa sababu wao ndio wanaofuata kodi rahisi, kiwanda hakikuwafuata. Wengi walimpigia makofi. Nilihisi kuna kasoro lakini sikuwa na la kumjibu. Upo ushahidi wowote?*
*Mwanafunzi, Tunguu*

Marahaba. Mwenzako ameshika nusu ya jambo. Ni kweli kwamba chumba kilicho karibu na jaa kina kodi nafuu na mtu mwenye watoto wanne na mshahara mdogo atakichukua. Lakini swali la nani alitangulia limeshafanyiwa kazi, na mwenzako angepaswa kulisoma kabla ya kupigiwa makofi.

Mwaka 2001 watafiti watatu, Manuel Pastor, Jim Sadd na John Hipp, walichapisha utafiti juu ya Los Angeles, Marekani. Walichukua maeneo yenye vituo vya taka za sumu, wakarudi nyuma miongo kadhaa kuangalia nani alikuwa akiishi pale kabla kituo hakijajengwa, na nani alihamia baadaye. Walichokuta ni kwamba vituo vilipelekwa zaidi kwenye mitaa ambayo tayari ilikuwa ya watu wa rangi, yaani wasio Wazungu. Kuhama kwa watu kufuata vituo hakukuwa na uzito huo.

Wakakuta na jambo la pili, nalo ndilo linalonigusa mimi kwa kazi niliyoifanya. Mitaa iliyokuwa hatarini zaidi ilikuwa ile ambayo wakazi wake walikuwa wakibadilika kwa kasi: Wamarekani weusi wakitoka, Walatino wakiingia. Ukihesabu kwa jumla, idadi ya watu wa rangi inaweza kuwa ileile, lakini waliopo leo si wale wa miaka kumi iliyopita. Maelezo yao ni kwamba katika mtaa wa namna hiyo watu hawajajuana. Hawajazikana, hawajaozeshana, hakuna kanisa wala chama kinachowaunganisha wote. Kikija kituo, hakuna wa kugonga mlango wa mwenzake.

Hebu tembea kwenye mitaa yetu mipya pembeni ya mji. Sheha anawajua wenye nyumba kwa majina ya baba zao, na wapangaji anawajua kwa namba ya vyumba. Mwenye nyumba haishi pale. Mpangaji akikaa mwaka anahama. Nilipokuwa kazini, malalamiko ya maji machafu au moshi kutoka mitaa ya zamani yalinifikia siku ileile, mengine yakiletwa na watu watano pamoja. Kutoka mitaa ya wapangaji niligundua mwenyewe kwa kupita, na mara nyingi tatizo lilikuwa na miaka.

Lakini usiende kwenye mjadala ukasema kwamba watu wakijuana tu basi wamenusurika. Mwaka 1982, Warren County, North Carolina, watu weusi waliofahamiana vizuri, wenye makanisa yao, walilala barabarani kuzuia malori yaliyobeba udongo wenye sumu ya PCB. Zaidi ya 500 walikamatwa. Udongo ukafukiwa palepale, na kusafishwa kwake kulimalizika miaka ya 2000. Walikuwa na umoja, hawakuwa na nguvu katika ofisi zilizoamua. Walichopata ni kuwaamsha wengine: mwaka 1987 kanisa la United Church of Christ likatoa ripoti ya nchi nzima iliyoonyesha kwamba rangi ya wakazi ndiyo iliyoashiria zaidi mahali taka za sumu zilipo, kuliko hata kipato chao.

Kama mwenzako anataka mfano wa karibu, mpeleke Mombasa. Mtaa wa Owino Uhuru ulikuwapo kabla kiwanda cha kuyeyusha betri hakijafunguliwa ubavuni mwake mwaka 2007. Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hichohicho. Mtoto wake akaumwa, akapimwa, akakutwa na risasi iliyopitia maziwa yake mwenyewe ya kunyonyesha. Alikwenda nyumba kwa nyumba, watoto wengine wakapimwa, mtaa ukasimama pamoja naye, na mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mahakama iliamua mwaka 2020 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi huo ukapinduliwa kwenye rufaa, wakaendelea, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikawapa haki yao. Hesabu mwenyewe miaka mingapi tangu mtoto alipoumwa.

Kazi ndogo nakupa. Chagua mtaa mmoja, si lazima uwe mbali na chuo. Kwa kila nyumba andika mwaka iliojengwa na mwaka aliohamia anayeishi ndani sasa. Kwa kila karakana, jaa na tanuri andika mwaka ulioanza. Rudi darasani na karatasi hiyo.

*Bibi, mimi mvuvi wa Micheweni. Kila mwezi nanunua vipande vya risasi kutoka Unguja, nayeyusha mwenyewe jikoni kwa mke wangu, namimina chubwi kwenye mchanga. Ni kidogo tu, nusu saa. Kuna madhara?*
*Mvuvi, Pemba*

Kuna madhara, kaka yangu, na nusu saa hiyo inatosha kwa chumba kidogo chenye watoto. Vipande unavyonunua vimepasuliwa kwenye ua wa mtu, labda nyuma ya dirisha la dada aliyeniandikia hapo juu, naye ametoka kwenu.

Wazee wetu walizamisha nyavu kwa mawe yaliyotobolewa, na hadi leo jiwe au kipande cha nondo kinazamisha wavu vizuri. Mshipi ndio unaodai uzito mdogo uliokusanyika, najua. Hapo nunua chubwi zilizokwisha kutengenezwa badala ya kuyeyusha, na usizikaze kwa meno, kama nilivyoona wavuvi wengi wakifanya. Zile ulizonazo zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, pamoja na zana zako, mbali na watoto. Ukirudi pwani osha mikono kwa sabuni kabla hujamshika mtoto.

Na sufuria uliyokuwa ukiyeyushia isirudi jikoni, hata ikisuguliwa kwa mchanga na majivu mara saba. Itoboe tundu chini leo hii, ili asije mtu akaikuta siku yuko na haraka akapikia wali.